Tone la Kioo, Ncha ya Mwanga

Kipande cha kioo cha Venice huvutwa juu ya mwali wa taa mpaka kiwe uzi, kisha ncha ya uzi hurudishwa motoni. Hapo mkono hauna kazi tena: kioo kinachoyeyuka hujikusanya chenyewe na kuwa tone la duara, laini kupita chochote kinachosuguliwa. Ndivyo Robert Hooke alivyoeleza ufundi huu jijini London mwaka 1665. Kazi ya subira hufuata. Matone kadhaa hugandishwa kwa lakiri, mikia yake ya uzi ikiwa juu, na mikia hiyo husagwa kwenye jiwe la kunolea mpaka iishe, kisha matone hung'arishwa yawe lenzi za hadubini. Hooke mwenyewe alilalamika kwamba lenzi hizi huchosha macho.

Antoni van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, aliuvumilia uchovu huo. Alitengeneza hadubini zaidi ya 500 na siri ya lenzi zake bora akafa nayo mwaka 1723. Ilibidi hadubini yake moja iliyoko Utrecht ichunguzwe kwa miale ya nyutroni, karne hii, ndipo ikajulikana kuwa mna tone la motoni. Nyingine 26, za fedha, aliwausia wasomi wa Royal Society. Wasomi hao, waliopaswa kujua thamani yake, wakaziacha zipotee zote katika karne ya 19.

Fadhila ya tufe ni ukaribu. Mwanga ukipita katika tufe la kioo cha kawaida hukutana nje yake kwa umbali wa takriban robo ya kipenyo. Katika yakuti samawi hukutana karibu zaidi. Basi tufe likiwa dogo, ncha ya mwanga huwa karibu kuligusa. Ndiyo sababu Vasily Astratov na wenzake huko Charlotte, Marekani, walipendekeza kupanga matufe kwenye mrija mwembamba mbele ya leza ya erbi, kwa upasuaji wa kuondoa utando ndani ya jicho. Kila tufe hukaza mwale uliotoka kwa mwenzake. Wimbi la leza hiyo, la mikromita 2.94, hunyonywa na maji ya mwili papo hapo, hivyo mkato haushuki hadi retina iliyo chini ya utando unaoondolewa.

Matufe ya yakuti siku hizi husagwa kiwandani kwa wingi, kwa ajili ya beringi na vifaa vya kupimia, nayo huagizwa kwa kipimo, kama misumari. Jina la aliyeyasaga haliulizwi.