Pumzi na Mwenye Pumzi

Washarika wanazidi kutuuliza kuhusu mazoezi ya kupumua. Wameyaona kwenye simu, au daktari amewashauri: keti kimya, vuta pumzi taratibu, iachie taratibu, yarudishe mawazo yanapozurura. Je, Mkristo anaweza kufanya hivyo? Wengine huwajibu kwamba huo ni mlango wa mapepo. Wengine husema ni mazoezi tu, kama kukimbia asubuhi. Majibu yote mawili hutolewa kabla ya kusoma. Kwa hiyo tumechukua kitabu kimoja kilichosaidia sana kueneza mazoezi haya, Full Catastrophe Living cha Jon Kabat-Zinn, kilichotoka Marekani mwaka 1990, tukipime kwa Neno la Mungu.

Kabat-Zinn ni mwanasayansi wa biolojia. Mwaka 1979 alianzisha kliniki katika chuo cha tiba cha University of Massachusetts kwa ajili ya watu waliokwisha kutibiwa lakini bado wanaishi na maumivu na hofu. Mafunzo yake huchukua wiki 8. Mgonjwa hulala chali akiupitia mwili wake kwa mawazo, kuanzia vidole vya miguu hadi utosini. Huketi akifuata pumzi yake. Hula hata zabibu kavu moja polepole, mpaka aonje kweli anachokula. Nyumbani hutakiwa kufanya mazoezi yapata dakika 45, siku 6 kwa wiki. Jambo hili tuliite uzingativu: kuelekeza akili kwa makusudi kwenye kilichopo sasa, bila kukihukumu.

Tuanze na mema yake. Kwanza, kitabu hiki hakiahidi kwamba maumivu yatakwisha. Kinamfundisha mgonjwa kuishi nayo bila kuyaongezea woga wa kesho. Hapo kina unyofu kuliko mahubiri mengi ya miujiza yanayomwacha mgonjwa na mzigo wa pili, yaani kuambiwa kwamba hana imani. Pili, kinauheshimu mwili. Tunapovuta pumzi, mapigo ya moyo huongezeka kidogo, tunapoitoa, hupungua. Ndivyo Muumba alivyotufanya. Eliya alipochoka hata akaomba kufa (1 Wafalme 19), Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Hata Kiswahili chetu kinajua jambo hili: pumzi, kupumua na kupumzika ni ndugu wa tumbo moja.

Je, chimbuko lake? Kabat-Zinn alijifunza kutafakari kwa walimu wa Kibudha, na dibaji ya kitabu iliandikwa na Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibudha kutoka Vietnam. Msomaji Mkristo ajue hilo. Lakini chimbuko peke yake halitoshi kulikataa jambo. Kutulia na kukusanya mawazo si mali ya dini moja. Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Petro Beskendorf wa Wittenberg, kijitabu cha kumfundisha kuomba. Humo alimpa mfano wa kazi yake mwenyewe: kinyozi mwema huweka macho na mawazo yote kwenye wembe na ndevu, maana akipiga soga huku mawazo yako mbali, anaweza kumkata mteja mdomo au pua. Basi na sala idai moyo wote.

Lakini Luther hakumwachia Petro usikivu mtupu. Alimpa cha kusikiliza: Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana. Hapa ndipo tunapoachana na Kabat-Zinn. Katika kitabu chake mtu huisikiliza pumzi yake, lakini hakuna anayesema naye.

Pengo hilo huonekana zaidi tunapofika kwenye hatia. Kwa haki ya mwandishi, hasemi kwamba maovu ni sawa. Anataka tuache kujishutumu kwa kila wazo linalopita, na kwa mtu aliyelemewa na wasiwasi huo ni ushauri mwema. Lakini yapo mawazo ambayo hayatakiwi kupita tu kama mawingu. Aliyemdhulumu mjane shamba, akikosa usingizi, hahitaji kwanza kutulia. Anahitaji kurudisha shamba na kusamehewa. Dhamiri yake inasema kweli.

Kisa cha Petro chatufundisha. Mwaka uleule wa 1535, kinyozi huyo alimchoma kisu mkwewe, mume wa binti yake, wakiwa mezani, akamuua. Mwanamume aliyefundishwa usikivu na Luther mwenyewe! Kilichomwokoa na hukumu ya kifo ni kwamba wengine walimwombea, Luther akiwa mmoja wao, akafukuzwa mjini badala ya kuuawa. Hakuna zoezi ambalo lingemtoa pale. Alihitaji mwombezi, nasi tunaye aliye mkuu zaidi.

Tunaona pia kwamba dawa hii yote ipo mikononi mwa mgonjwa. Fanya, rudia, vumilia. Je, mama anayeamka saa kumi usiku kukanda maandazi atazipata wapi dakika 45? Na akizikosa, atajiona ameshindwa hata kupumzika? Jambo jema likifanywa msingi wa uzima hugeuka sheria, na sheria haijui kumhurumia aliyechoka.

Ushauri wetu ni huu. Ukishauriwa na daktari kupumua taratibu, fanya kwa shukrani, kama unavyomeza dawa. Jihadhari na mbinu za kupumua kwa kasi na kwa muda mrefu, zinazoweza kuleta kizunguzungu na ganzi. Usiache matibabu. Ukimya ukishapatikana, usiuache mtupu; sema humo Sala ya Bwana, sentensi moja kwa kila pumzi. Na penye dhambi, njoo uungame.

Maana siku moja pumzi itatushinda. Hapo hakuna mbinu itakayotusaidia, kwa kuwa kifaa chenyewe kitakuwa kimekwisha. Yesu alifika mahali hapo msalabani, akaikabidhi roho yake mikononi mwa Baba (Luka 23:46). Kisha jioni ya Pasaka, akiwa hai, aliwavuvia wanafunzi, akawapa Roho Mtakatifu na kuwakabidhi neno la kuondolea dhambi (Yohana 20:22-23). Pumzi hiyo hatuivuti kwa bidii yetu. Tunavuviwa.