Kocha Mwenye Mkoba

Hapa Tezo, kando ya barabara ya Kilifi kwenda Malindi, uwanja wa mpira wa kikapu ni mchanga mtupu. Mpira ukiudunda mara mbili unakufa. Mwalimu anayewafunza wasichana jioni amepiga marufuku kudunda: ni pasi tu, na ukishatoa pasi usibaki pale ulipo. Nimemtazama sana kazini. Mwenye mpira hashughuliki naye. Macho yake yako kwenye miguu ya wale wanne wasio nao. "Hama, mwanangu, hama!" Kipenga hukipuliza kwa nadra. Ukocha, kwanza kabisa, ni kazi ya macho.

Kwa jicho hilo naisoma safari ya Liz Mills, ambaye huku kwetu, kandanda ikiwa imetawala kila kitu, wengi hawamjui. Mwaustralia huyu alianza ukocha Afrika mwaka 2011 huko Zambia, akawa kocha msaidizi wa timu ya taifa ya nchi hiyo na baadaye ya Cameroon. Mwaka 2021 akakabidhiwa Morans, timu ya wanaume ya Kenya. Haikuwa timu ya kuokotwa: chini ya Cliff Owuor ilikuwa imerudi na medali ya fedha ya AfroCan kutoka Bamako mwaka 2019, na heshima ya Owuor katika habari hii isipunguzwe. Lakini AfroBasket yenyewe, michuano ya kikapu ya mataifa ya Afrika, Kenya haikuwa imeicheza tangu 1993, ilipoandaliwa Nairobi.

Kocha wa klabu anaishi na wachezaji wake msimu mzima. Kocha wa taifa huwapata kwa siku chache, huyu ametoka ligi ya nyumbani, yule ametoka Ulaya, kila mmoja na mfumo wa mwajiri wake kichwani. Mills, tena, alikuwa mgeni wa nchi na mwanamke mbele ya wanaume waliozoea kuamriwa na wanaume. Muda wa kubembeleza haukuwapo. Katika hali hiyo kocha hulazimika kuchagua: afundishe machache, mengine yote ayaache. Huko kuacha ndiko ninakokusifu zaidi, maana mwenye ujuzi mwingi huwashwa na hamu ya kuumwaga wote. Mapumziko anayoruhusiwa kuyaomba ni ya dakika moja. Wachezaji wanahema, jasho linawaingia machoni, mashabiki wanapiga kelele. Sentensi mbili zikiwakaa masikioni, amefaulu.

Februari 2021, mjini Yaoundé, Morans walikutana na Angola, wakati huo bingwa wa Afrika mara 11. Kengele ikikaribia kulia, Tylor Ongwae, aliyekuwa akicheza mpira wa kulipwa Ulaya, alirusha mpira ukaingia: 74 kwa 73. Kenya ikafuzu AfroBasket. Mkono ulikuwa wa Ongwae, na sifa apewe yeye. Ila mchezaji hafiki kwenye mpira wa mwisho huku pengo likiwa alama moja dhidi ya Angola bila ya ulinzi uliofundishwa na kushikwa kwa dakika zote zilizotangulia, na ulinzi ni kazi ambayo picha za televisheni huipita.

Kigali, Agosti mwaka huohuo, Mills akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya taifa ya wanaume kama kocha mkuu katika AfroBasket. Kenya iliifunga Mali, kisha ikatolewa na Sudan Kusini kwa alama mbili tu, 60 kwa 58. Kipigo hicho bado kinaniuma.

Mwaka uliofuata alikuwa Morocco na AS Salé, mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu katika Ligi ya Kikapu ya Afrika. Vijana wengine, lugha nyingine, na yeye anaanza upya kujifunza majina yao na kusoma miguu yao. Wako wanaowalaumu makocha wa namna hii kuwa hawana kwao. Mimi nawaona ni walimu waliokubali kwamba mwanafunzi wao atang'ara akiwa mikononi mwa mwingine, na bado wakamfunza kwa moyo wote.