Majira ya Nani? Kiswahili cha Utabiri wa Hali ya Hewa Bujumbura

Katika somo la tafsiri tumezoea kuwapa wanafunzi utabiri wa hali ya hewa wa siku moja, ulioandikwa kwa Kifaransa, ili wauweke katika Kiswahili. Matini yenyewe ni sentensi nne au tano tu. Safari hii tulichagua siku ya baridi ya mwishoni mwa Mei, na tafsiri tulizopata zinastahili kujadiliwa hapa, kwani kasoro zake si za wanafunzi peke yao.

Kwa kuwa Burundi iko kusini mwa Ikweta, vitabu vya Kifaransa vitasema kuwa Mei ni mwisho wa 'automne'. Wanafunzi wengi waliandika "vuli". Neno ni la Kiswahili, lakini maana imepotea. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Haina majani yanayopukutika wala haiitangulii baridi. Mrundi anayo majina yake yanayotosha: agatasi kwa mvua za mwanzo, umukubezi kwa ukavu mfupi, urushana kwa mvua kubwa na impeshi kwa ukavu mrefu. Mwishoni mwa Mei urushana inaaga na impeshi inabisha hodi. Hiyo ndiyo habari iliyokuwa ikitakiwa.

Wale waliokwepa vuli waliingia katika mtego mwingine. Juni hadi Agosti, mtu wa Pwani yumo katika kipupwe. Sisi wa Buyenzi na Bwiza miezi hiyohiyo twaiita kiangazi. Kwa mtu wa Pwani kiangazi ni Desemba hadi Februari, wakati wa joto kali. Basi mwanafunzi anayekariri majira kutoka kitabu cha Pwani atajifunza kuwa Februari ni kiangazi. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 mvua kubwa ilibomoa nyumba katika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, ikiwemo Kamenge, na kuua watu zaidi ya 60. Tahadhari iliyoandikwa kwa kalenda ya Pwani ingemfikia mkazi wa Kamenge kama habari ya nchi nyingine.

Haki itendeke: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania haina kosa hilo. Katika taarifa zake Kakonko na Kibondo, jirani zetu kabisa, huhesabiwa katika maeneo yenye vuli, na sehemu ya kusini ya mkoa wa Kigoma katika maeneo yenye mvua za msimu. Yaani jina hufuata mvua ya mahali. Tunachokilaumu ni mtindo wake wa "mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua", ambao wanafunzi huunakili neno kwa neno. Maeneo gani? Kati ya Bujumbura, iliyo kando ya ziwa, na Bugarama, iliyo juu ya mita 2,000, ni mwendo mfupi tu wa gari, lakini huku mtu yuko na shati jepesi na kule amejifunika koti ndani ya ukungu. Kwa jiji, neno "baridi" ni zito mno. "Kibaridi cha asubuhi" kingetosha. Kwa Bugarama, baridi ni baridi. Mwanafunzi mmoja aliandika "nyuzi joto 12 za baridi". Tulicheka, lakini istilahi "nyuzi joto" ndiyo iliyomponza. Aliona haja ya kuirekebisha. Sisi tungeandika "nyuzi 12" na kuendelea.

Ajabu ni kuwa neno moja la Pwani ambalo lingefaa halikutumiwa na yeyote. Kuanzia Mei upepo wa kusini hushika Ziwa Tanganyika kwa miezi kadhaa, na mvuvi wa ndagala anahitaji kujua nguvu yake kabla ya kuingiza mtumbwi majini usiku. Wote waliandika "upepo kutoka upande wa kusini", maneno matano, ilhali Kiswahili kina kusi. Muhula ujao tutawapa wanafunzi matini hiyohiyo, safari hii ikiwa imeandikwa kwa Kirundi.