Shauri la Mottley: wadaawa walinyamaza, majaji wakauliza

Mwaka 1871 Erasmus Mottley na mkewe Annie waliumia katika ajali ya treni jimboni Kentucky. Waliacha kudai fidia, nayo kampuni ya reli ya Louisville & Nashville ikawapa pasi za kusafiri bure maisha yao yote. Mwaka 1906 Kongresi ikapiga marufuku pasi za namna hiyo, na mwaka uliofuata kampuni ikakataa kuzihuisha. Akina Mottley wakashtaki katika mahakama ya shirikisho, wakashinda. Kampuni ikakata rufaa Mahakama ya Juu.

Hapa usome taratibu. Hakuna mdaawa aliyeleta pingamizi kwamba mahakama ya shirikisho haina mamlaka ya kusikiliza shauri. Majaji waliliibua wenyewe, kwa kuwa mamlaka hayapatikani kwa ridhaa ya wadaawa.

Yangetoka wapi? Pande zote mbili zilikuwa za Kentucky, kwa hiyo mlango wa mashauri kati ya wananchi wa majimbo tofauti ulifungwa. Ukabaki mmoja: shauri linalotokana na Katiba au sheria ya shirikisho. Hukumu ya 1908, iliyoandikwa na Jaji Moody, iliichambua hati ya madai. Ili washinde, akina Mottley walipaswa kuthibitisha nini? Kwamba palikuwa na makubaliano, na yamevunjwa. Basi. Hiyo ni sheria ya mikataba ya jimbo. Hoja zao kwamba sheria ya 1906 haiwagusi, au ikiwagusa inakiuka Katiba, zilijibu utetezi ambao kampuni ilikuwa bado haijautoa. Kumjibu mdaiwa kabla hajasema hakulifanyi shauri kuwa la shirikisho.

Mwanafunzi unayekwama hapa, chukua hati, ufunike kwa kiganja kila sentensi inayotabiri utetezi, kisha usome kilichobaki. Hicho ndicho kinachopimwa, na ndiyo maana naikubali kanuni hii: mamlaka yanajulikana siku shauri linapofunguliwa, bila kungoja majibu ya mtu.

Lakini bei yake inaniuma. Shauri la akina Mottley lilitupwa kwa kukosa mamlaka, wakaanza upya katika mahakama za Kentucky, wakashinda tena. Mwaka 1911 shauri likarudi Mahakama ya Juu, safari hii kwa njia halali, maana rufaa kutoka mahakama ya jimbo hutazama swali la shirikisho lililoamuliwa huko, hata kama lilizaliwa na utetezi. Majaji wakalijibu swali walilolikwepa 1908: pasi zimekatazwa. Ilikuwa miaka 40 tangu ajali.