Sentensi Kuu ya Aya na Ujasiri wa Mwandishi

Katika kusahihisha insha za wanafunzi wetu tumekutana mara nyingi na kasoro moja ambayo, isipokemewa mapema, itahamia mimbarani. Aya nyingi hazina sentensi kuu, yaani sentensi inayomweleza msomaji jambo moja ambalo aya nzima inakusudia kulithibitisha.

Tuchukue insha moja iliyohusu Msimbati, mkoani Mtwara. Aya yake ya pili ilieleza kwamba gesi asilia iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Kwamba hifadhi ya bahari ya ghuba hiyo na maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000. Kwamba mwaka 2013 zilitokea ghasia Mtwara juu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Na kwamba bomba hilo lilizinduliwa mwaka 2015. Habari hizo zote ni za kweli. Hata hivyo, tulipofika mwisho wa aya hatukujua mwandishi anadai nini. Je, analaumu, anasifu, au anahesabu miaka tu?

Tulipomwuliza, alijibu bila kusita kwamba mkaaji wa Msimbati anastahili kushauriwa kabla bahari na ardhi anayoitegemea haijaamuliwa. Basi hiyo ndiyo sentensi kuu! Alikuwa nayo moyoni, akaogopa kuiandika. Tulipoiweka mwanzoni, jambo la pili likadhihirika: aya haikuwa na neno hata moja kuhusu nani alishauriwa, lini, na kwa namna gani. Sentensi kuu haimsaidii msomaji peke yake. Humhukumu mwandishi pia, kwa kumwonyesha ushahidi anaopungukiwa.

Wako watakaosema kwamba huu ni utaratibu wa kigeni, na kwamba wazee wetu huanza mbali ndipo wafikie neno. Hoja hiyo ina uzito. Nabii Nathani alianza na mwana-kondoo wa maskini, akamfunulia Daudi hukumu mwishoni (2 Sam. 12). Lakini Nathani alilijua neno lake kabla ya kufungua kinywa. Mtume Paulo, kwa upande wake, alitangulia kuitaja Injili katika Warumi 1:16-17, ndipo akaifafanua. Naye Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliweka kwanza amri, kisha akauliza maana yake. Mahali pa sentensi kuu paweza kubadilika. Kutokuwapo kwake hakuna udhuru.

Kwa hiyo twawasihi wanafunzi na wachungaji wenzetu: kabla ya kuandika aya, mwandishi na ajiulize ni jambo gani yu tayari kulisimamia mbele ya wale anaowaandikia habari zao. Akikosa jibu, kalamu na ingoje.