Rafadha Inapendeza kwenye Skrini, Je, Inachongeka?

Ukikaa mwaloni Nyegezi jioni, utasikia injini za mitumbwi kabla hujaiona mitumbwi yenyewe. Kila injini ina rafadha, na rafadha ni mtihani mzuri kwa programu yoyote ya CAD. Mtihani huo nimeipa FreeCAD, programu ya bure ambayo wanafunzi wengi tunaitegemea: haidai leseni, inafanya kazi bila intaneti, na toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Sifa zake ni za haki. Lakini kwenye panga la rafadha, njia yake rahisi inadanganya.

Njia yenyewe ni lofti: unachora mikato kadhaa ya panga, programu inaiunganisha kuwa uso mmoja. Shida ni kwamba michoro hiyo ni bapa, wakati mikato ya rafadha hulazwa juu ya silinda. Chukua rafadha inayopaswa kusogea milimita 300 kwa mzunguko mmoja. Milimita 50 kutoka katikati, panga linainama kama digrii 44. Kwenye milimita 150, digrii 18 tu. Sasa weka mkato bapa wenye upana wa milimita 80 pale kwenye 50: kingo zake zinaangukia karibu 58. Milimita nane nzima! Mimi niligundua baada ya kuchonga kielelezo, na kipande kizuri cha mninga kikaishia kuwa kuni.

Mtego wa pili ni kuhifadhi kazi kama pembetatu za STL. Kwenye mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 50, ukiruhusu kosa la milimita 0.1 tu, kila ubapa unaweza kufika upana wa milimita 6. Mashine ya CNC yenye mhimili wa kuzunguka inafuata ubapa huo kama ulivyo, na alama zinabaki.

Tiba ipo. Nyongeza iitwayo Curves inaweza kulaza mchoro juu ya uso uliopinda, na faili la STEP linabeba mikunjo halisi. Lawama yangu ni kwamba tiba imewekwa chumba cha ndani, ugonjwa uko mlangoni.

Kwa zoezi la darasani, lofti inatosha. Lakini panga lililokosewa linakula petroli ya mvuvi kila siku. Kabla ya kuwasha mashine, pima kingo kwanza.