Muzee Umberto na muzee wangu: tuongee juu ya filme moja na pansio



Leo nataka tuongee juu ya filme moja ya zamani, ya nyeupe na nyeusi, ambayo watu mingi wa promo yetu hawajaiona: Umberto D. ya Vittorio De Sica, iliyotoka Italia mwaka 1952. Niliiangalia kwa telefone, usiku mbili, juu umeme ulikatika katikati. Papa yangu alikuwa pembeni. Papa ni agent wa komini moja hapa Lubumbashi, biro ya etasivili, pale wanaandika watoto wanaozaliwa. Iko na miaka 71. Bado anaenda kazini kila asubuhi, viatu vimepakwa kiwi, shati imepigwa pasi. Si kwamba anapenda kazi kupita wengine. Ni juu hakuna mutu aliyemuonyesha mulango wa kutokea. Kwa hiyo musishangae kama uhakiki huu hautakaa kwa filme peke yake.

Hadithi ni fupi. Umberto Domenico Ferrari alifanya kazi miaka 30 kwa wizara ya kazi za umma, Roma. Sasa iko mu retreti. Pansio yake ni lira 18,000 kwa mwezi, na iko na deni ya chumba lira 15,000. Hana bibi, hana mutoto, iko na mbwa mudogo tu, jina Flike. Filme inaanza na wazee wengi wanatembea mu barabara na vibao mukononi, wanaomba pansio iongezwe. Polisi inafika na jeep, inawasukuma, inawatawanya. Kosa yao? Hawakuomba ruhusa. Dakika chache tu, wazee wanajificha kwa milango ya watu, wanahema. Kisha kamera inaacha kundi na inafuata mumoja wao mupaka mwisho: anauzisha saa yake, anajilaza hospitali ili apate kula na kulala bure siku chache, anarudia anakuta mama wa nyumba ameanza kubomoa kikuta ya chumba chake.

Kama ungekuwa mukutano wa machozi, De Sica angeshindwa. Nguvu ya filme ni kwamba inakataa kutulazimisha kulia. Kuna mahali moja kila mutu anapashwa kuona. Muzee amekwisha maliza mawazo yote, anasimama mbele ya Panteoni, anajaribu kunyosha mukono kuomba. Mupita-njia anatosha pesa. Palepale muzee anageuza mukono juu chini, kama mutu anayeangalia kama mvua inanyesha. Haya tu. Kisha anamupatia mbwa kofia ashike mu kinywa, yeye anajificha nyuma ya nguzo; na anapita mukubwa mumoja anayemujua tangu zamani. Lazima atoke aseme mbwa anacheza tu.

Papa alipoona ule mukono unageuka, alinyamaza. Nilijua anafikiria nini. Mwaka uliopita nilimukuta kwa duka ya jirani anaomba unga wa bukari kwa deni. Aliponiona akaanza kuuliza bei ya sukari.

Kuna pia asubuhi ya Maria, musichana wa kazi. Anaamuka, anawasha moto, anasaga kahawa, anasukuma mulango kwa ncha ya muguu, na machozi yanateremuka bila yeye kuacha kazi. Iko na mimba na hajui ni ya soda gani kati ya wawili. Bazin, muhakiki mukubwa wa Ufaransa, alisifu sana zile dakika, na nakubaliana naye. Mwenye kucheza Umberto, Carlo Battisti, hakuwa hata muchezaji wa kazi: alikuwa profesa wa chuo kikuu, fundi wa mambo ya lugha. Njo maana anatembea kama mutu mwenye kuzoea kuheshimiwa, na umaskini unamukuta akiwa angali na ile tembea.

Sasa tufike kwa ile inanisumbua.

Mu filme yote hatuoni biro hata moja ya pansio. Hatuoni mutu anayehesabu, anayetia sahihi, anayefunga kasha. Adui anayeonekana ni mama wa nyumba, Antonia, anayejifanya bibi wa watu wakubwa na anayekodisha kitanda cha muzee kwa wapenzi wa saa moja wakati hayuko. Tunatoka mu filme tunamuchukia Antonia. Lakini Antonia hakupanga ile lira 18,000. Aliyepanga hana sura, hana meza, hana jina. De Sica anatuonyesha jeraha vizuri kabisa, lakini kisu hakionekani.

Mutu anaweza kunijibu: njo ukweli wenyewe! Muzee maskini haonake kamwe mwenye kuamua. Anaona tu mwenye nyumba anayepiga hodi. Nakubali. Kwa Italia ya 1952 pengine ilitosha. Lakini kwa sisi wa hapa, tukiangalia ile filme na kubakia na huruma tu, tumekosa kazi. Huruma tuko nayo mingi. Kila familia ya mji huu iko na muzee wake. Kile hatuna ni kontrole.

Nilielewa hivi juu ya maneno ya papa. Filme ilipoisha, muzee anacheza na mbwa chini ya miti, papa akasema: «Uyu muzee ni tajiri.» Nikacheka. Akaongeza: «Unacheka nini? Ye anajua hesabu yake. Kila mwezi anajua inakuya ngapi. Miye sijue kitu.»

Ndugu, ile ni uhakiki kupita huu wangu. Shida yote ya Umberto inaanzia kwa namba inayojulikana. Ni ndogo, ni ya kutukana mutu, lakini iko. Anaweza kuifanyia hesabu, anaweza kuandamana juu yake na kibao mukononi. Papa angeandika nini kwa kibao chake?

Tuangalie hii mambo na akili ya shule. Kwa sheria ya 1981, agent wa Leta alikuwa anaenda retreti kwa miaka 55, ao kisha miaka 30 ya kazi. Sheria mupya ya 2016 ilipeleka mupaka miaka 65, ao 35 ya kazi. Kwa mufumo wa zamani agent hakukatwa franka juu ya uzee wake: pansio ilitoka moja kwa moja mu bujeti ya Leta. Inaonekana kama zawadi. Lakini pale hakuna mufuko, hakuna pia hesabu ya kila mutu, na pale hakuna hesabu, hakuna anayeweza kuuliza «yangu iko wapi?» Unangojea tu mwaka bujeti itakumbuka wazee.

Mwaka 2015 Leta iliunda CNSSAP, mufuko wa usalama wa agents wa Leta, na mwaka 2022 sheria ikapanga ule mufumo: mutu anakatwa sehemu, Leta inaongeza sehemu yake, na malipo ya uzee yanatoka mule. Mimi nasifu hii hatua. Mutu aliyekatwa iko na haki ya kuuliza, sawa vile mutu wa likelemba anamuuliza mushika-pesa bila haya. Lakini haki ya kuuliza inaomba mahali pa kuulizia, na mutu anayelazimishwa kujibu.

Na komini njo mahali pagumu zaidi. Kwa sheria ya 2008, komini iko na utu wake mbele ya sheria, na bujeti yake. Katiba, kifungu 175, inasema provense inabakisha 40% ya mapato ya taifa. Na ile sheria ya 2008 inasema ma-komini, miji, sekta na shefferie zinapata 40% ya ile sehemu ya provense. Piga hesabu: kwa kila franka 100, ni franka 16 za kugawanya kati yao wote. Na kila mutu aliyekaa mu biro ya komini anajua umbali kati ya hesabu ya karatasi na hesabu ya kasha.

Sasa ingia mu biro moja. Meza tatu. Kwa ya kwanza kuko agent mwenye matrikule, Kinshasa inamulipa. Kwa ya pili kuko wa «nouvelle unité», ameandikwa lakini mushahara haujafika. Kwa ya tatu kuko mutu aliyechukuliwa na komini yenyewe, analipwa na pesa ya taksi ya soko wakati soko imetoa. Wote watatu wanapiga muhuri uleule. Siku wote watatu watafika miaka 65, nani anajua deni ya kila mumoja? Ukiuliza komini, itasema ni provense. Provense itasema ni Kinshasa. Papa yangu, mwenye matrikule, iko kwa meza ya kwanza, ile ya bahati. Lakini kila mara anasikia: «Papa, dosiye inakosa karatasi moja. Rudia mwezi utakao kuya.» Akitoka kazini bila malipo ya mwisho, anapoteza hata kale kamushahara. Kwa hiyo anabakia, na kijana aliyemaliza chuo, pengine weye unayesoma hapa, anangojea kile kiti mulangoni. Umberto walimutosha kazini na kumupatia kidogo. Papa wanamuacha kazini ili wasimupatie kitu. Na sisi tunaitwa «bachômeurs».

Kuna wenye watasema: kontrole ni mambo ya inchi tajiri. Basi tuende Detroit, Marekani, mji wa mitambo ya motokari. Mwezi wa 7, 2013, ule mji wenyewe ulienda mbele ya tribinali kusema umefilisika. Pansio za wafanyakazi wa mji zilikuwa kati ya madeni makubwa. Wazee waliogopa kupoteza karibu yote. Mwisho, leta ya Michigan, mashirika ya msaada na wafadhili wa nyumba ya sanaa ya mji waliahidi dola karibu milioni 816, na wazee wenyewe wakapiga kura mwaka 2014. Wale wa kazi za kawaida walikatwa 4.5% na nyongeza ya kila mwaka ikaondolewa. Iliuma. Lakini kila mutu alijua amepoteza ngapi, na aliulizwa kabla. Na musifikiri kule ni malaika: mwezi wa 12 wa ule mwaka, juri iliwakuta na kosa la rushwa aliyekuwa mushika-hazina wa mji na wenzake wawili waliohusika na mifuko ya pansio. Ni kusema, hata mulinzi anapashwa kulindwa. Mufuko mwenye kufungwa bila macho ya wenyewe ni chungu kwa moto bila mupishi.

Hapa kwetu tuliona pia upande mwingine. Kuanzia 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka na pesa ya mara moja, kwisha. Ulizeni kwa nyumba zenu ile pesa ilimaliza muda gani. Pesa ya mara moja haiwezi kuwa uzee wa mutu.

Nirudie kwa filme. Ilipotoka, Giulio Andreotti, mukubwa wa serikali aliyechunga mambo ya sinema, aliandika wazi kumulaumu De Sica kwamba anaharibisha jina la Italia. Tunajua ile wimbo. Hapa pia, mutu akiandika juu ya muzee wa komini, wanamuambia anachafua inchi. Filme haikupata watu mingi mu sinema za Italia wakati ule. Leo watu wanaisoma mu mashule ya sinema, na ile barua ya Andreotti inakumbukwa tu juu ya filme aliyoichukia.

Kwa hiyo hukumu yangu: Umberto D. ni filme kubwa yenye pengo moja, na lile pengo ni kazi yetu. De Sica, aliyeitoa kwa heshima ya baba yake, alifanya kazi ya mutoto: alimuangalia muzee mupaka mwisho bila kugeuza macho. Sisi, watoto wenye diplome, tuko na ingine ya kuongeza. Chukueni matrikule ya wazazi wenu. Tafuteni barua ya kuingizwa kazini, fanyeni fotokopi, muangalie kwa fishi ya mushahara kama wanakatwa na ngapi. Wale wa sheria na wa ekonomi, mujifunze hesabu za komini yenu, ni karatasi za watu wote. Na ukiingia kazini kesho, uliza siku ya kwanza, ungali na nguvu ya kuuliza.

Mimi na papa tumeanza. Juma iliyopita tulipanga karatasi zake juu ya meza, tangu ya 1986. Ile wanasemaka inakosa, iko. Ilikuwa mu sanduku ya mama, ndani ya Biblia. Kazi tatu tutaipeleka, na tutaomba muhuri ya kupokea.